A. V. Hill, mkimbiaji aliyebeba pumzi yake mgongoni

Wiki chache zilizopita kijana mmoja msikilizaji wetu alitutumia ujumbe akiwa na wasiwasi. Saa janja aliyoletewa na kaka yake ilikuwa ikimwandikia namba 47 kila akimaliza kukimbia, kisha ikaanza kushuka hadi 41. Alitaka kujua kama moyo wake unaugua. Jambo hili hatukuweza kulijibu kwa ujumbe mfupi, kwa sababu namba hiyo ina historia, na historia yake imemzunguka Mwingereza mmoja aliyefariki kabla saa hizo hazijabuniwa.

Archibald Vivian Hill alizaliwa mjini Bristol tarehe 26 Septemba 1886. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao, naye aliiacha familia wakati mtoto bado mdogo. Mama ndiye aliyemlea Archibald na dada yake. Majina yake mawili ya kwanza hakuyapenda, hivyo watu walimwita A.V. tu. Alisoma hisabati Cambridge na mwaka 1907 akashika nafasi ya 3 katika mtihani mkuu, lakini mwalimu wake mmoja, Walter Fletcher, akamvuta kwenye elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Akaanza na misuli ya vyura, akipima joto dogo mno linalotoka msuli unapojikunja. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, pamoja na Mjerumani Otto Meyerhof, miaka michache tu baada ya nchi zao kupigana vita.

Kwa wakimbiaji, sehemu tamu ya maisha yake ni Manchester, alikohamia mwaka 1920 kuwa profesa. Hapo alitoka kwenye vyura akaja kwa binadamu, na binadamu wa kwanza kumpima alikuwa yeye mwenyewe. Akiwa na mwenzake Hartley Lupton, Hill alikimbia kwa kuzunguka njia ya nyasi yenye urefu wa mita 85 hivi, pua imebanwa, mdomoni ana mrija, na mgongoni amebeba mfuko mkubwa wa kukusanyia hewa anayoitoa. Hewa hiyo ilipelekwa maabara ikapimwa: oksijeni iliyobaki ni kiasi gani, na kwa hiyo mwili umetumia kiasi gani.

Walichokiona ni hiki. Ukiongeza mwendo, mwili unatumia oksijeni zaidi. Ukiongeza tena, inapanda tena. Lakini inafika mahali ambapo unaongeza mwendo na oksijeni haipandi, kwa sababu moyo na mapafu vimefika mwisho wa uwezo wao wa kuipeleka kwenye misuli. Kwa Hill mwenyewe, mtu wa kilo 73 hivi, mwisho huo ulikuwa karibu lita 4 kwa dakika. Ukigawa kwa uzito wake unapata mililita 55 hivi kwa kila kilo, kila dakika. Namba ya kijana wetu, 47 au 41, inasemwa kwa kipimo hichohicho. Kwenye saa nyingi huandikwa VO2 max.

Tofauti ni kwamba Hill aliipima hewa. Saa haina mfuko wala mrija. Inachojua ni mambo mawili: mwendo wako, inaoupata kwa setilaiti, na mapigo ya moyo, inayoyasoma kwa kumulika taa ya kijani kwenye ngozi na kuangalia damu inavyopita. Mapigo na matumizi ya oksijeni hupanda pamoja, karibu kwa mstari ulionyooka. Basi saa inauchora mstari huo na kuurefusha hadi pale inapodhani moyo wako utafikia kikomo. Kikomo chenyewe mara nyingi hukisiwa kwa umri: 220 ukitoa miaka yako. Mwenye miaka 30 anapewa mapigo 190, ingawa moyo wake halisi unaweza kuishia 180 au kufika 200.

Kwa hiyo chochote kinachopandisha mapigo bila kuongeza mwendo kitaishusha namba. Jua la mchana, mchanga mzito, usingizi mchache, homa inayoanza, mkanda wa saa uliolegea. Mtu akienda kukimbia Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na moyo unahangaika zaidi. Tulimuuliza kijana wetu amebadilisha nini. Akasema amehamishia mazoezi saa saba mchana, baada ya kutoka shambani. Tukamwambia arudie asubuhi kwa wiki mbili, na kwamba akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu aende kituo cha afya, hata kama saa inamsifu.

Hill naye alipata kuona kipimo kikimgeuka. Yeye na Meyerhof walikuwa wameeleza kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayousukuma msuli kujikunja. Mwaka 1930 Mdenmark Einar Lundsgaard akaonyesha kwamba msuli wa chura unaweza kujikunja bila kutoa asidi hiyo kabisa. Hill alikuwa na Nobel tayari na angeweza kubisha. Badala yake alikubali, na mwaka 1932 akaandika makala nzima kueleza jinsi walivyopinduliwa. Sisi tunalihesabu hilo kuwa jambo kubwa kuliko tuzo.

Mwaka uliofuata Hitler alishika madaraka, na wanasayansi Wayahudi wakafukuzwa vyuoni. Hill akawa miongoni mwa waanzilishi wa baraza la kuwapokea Uingereza. Mmoja wao, kijana aitwaye Bernard Katz, alifika katika maabara yake mjini London mwaka 1935. Wakati wa vita vya pili Hill aliingia bungeni akiwakilisha Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akarudi kwenye misuli yake.

Katz alipata Nobel yake mwaka 1970, Hill akiwa bado hai. Alifariki Cambridge tarehe 3 Juni 1977, akiwa na miaka 90.