Daktari wa Jicho Moja Aliyepima Choo kwa Mizani

Umeshafuturu? Basi kabla hujachukua sambusa ya sita, nikupe habari za daktari mmoja aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa letu hili, kule Uganda.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipata ajali, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uinjinia, akaacha, akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Uganda, kwanza Lira, halafu Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliletewa mtoto aliyevimba taya. Kumbe ni saratani! Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Akatambua kwamba ugonjwa huo uko zaidi sehemu za joto na mvua, zenye malaria nyingi, kama huku kwetu ziwani. Saratani hiyo sasa inaitwa kwa jina lake, na ikiwahiwa hutibika.

Lakini la leo ni tumbo. Burkitt aliona kwamba wanavijiji wa Afrika hawasumbuliwi sana na choo kigumu, bawasiri wala saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyojaa Uingereza. Alirudi kwao mwaka 1966, akalifuatilia. Usicheke, yeye na wenzake walipima choo kwa mizani! Matokeo yakatoka mwaka 1972: mwanakijiji wa Uganda, kama gramu 470 kwa siku, mwanamaji wa Uingereza, kama 100 tu. Chakula cha mwanakijiji kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, cha mwanamaji zaidi ya 80. Sababu, alisema, ni nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa, maharagwe na mboga. Si yote aliyodhani yamethibitika, lakini faida ya nyuzinyuzi kwa utumbo imekubalika.

Sasa tujiangalie, ndugu yangu. Hadi alipofariki mwaka 1993 aliwahimiza Wazungu wale kama babu zetu, na sisi tunakimbilia kula kama wao. Ugali wa mtama na mboga za kienyeji tumewaachia wazee. Futari yetu ni mahamri, bajia na mkate mweupe, halafu tunalalamika tumefunga choo, tumevimbiwa.

Tahadhari moja: kiungulia na maumivu yasiyoisha usiyatibu kwa mboga. Vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, au dawa za maumivu. Nenda ukapimwe, na ukipewa dawa zimalize. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, kimbilia hospitali, hata kama umefunga.

Kesho sokoni Kibuye, nunua na kunde. Ramadhan Karim.