Murata, Fundi wa Mkasi Aliyezipa Ngano Uhai

Ndugu msomaji, hata katuni zina wahenga wake. Mmoja wao ni Yasuji Murata wa Japani, ambaye vifaa vyake vikuu vilikuwa karatasi, mkasi na subira.

Murata alizaliwa mwaka wa 1896 katika mji wa bandari wa Yokohama. Hakuanza na katuni. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya filamu mjini humo, kazi yake kuandika maneno ya kusomwa kwenye filamu za kigeni, maana siku hizo sinema ilikuwa bubu. Basi kutwa kucha alihudumia hadithi za wengine. Kisha akaona katuni za rafiki yake, Sanae Yamamoto, naye akaamua kujaribu.

Kikwazo kikawa pesa. Wachoraji wa Marekani walitumia seluloidi, yaani plastiki inayopenya nuru, lakini huko Japani ilikuwa ghali mno. Je, Murata alikaa akalia? Wapi! Alichora wahusika kwenye karatasi, akawakata: kichwa mbali, mkono mbali, mguu mbali. Alivipanga vipande hivyo chini ya kamera akapiga picha moja, akausogeza mkono kidogo tu, akapiga nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Hatimaye watu wa karatasi wakatembea!

Tena hakwenda mbali kutafuta hadithi. Filamu yake ya kwanza, ya mwaka wa 1927, ni ngano ya tumbili na kaa. Tumbili mlaghai alimponda kaa kwa matunda mabichi, ndipo watoto wa kaa wakaungana na nyuki na kinu (naam, kinu cha kutwangia!) wakamkomesha. Alimleta pia Momotaro, mtoto aliyetoka ndani ya tunda la pichi akaenda kuwapiga mazimwi. Mwaka wa 1929 ikawa zamu ya mzee mwenye nundu shavuni. Katika ngano hiyo mzee anacheza ngoma vizuri mbele ya viumbe wa mlimani, nao wanaiondoa nundu yake. Jirani mwenye tamaa anakwenda naye, anacheza ovyo, na lo! anarudi na nundu mbili.

Alitengeneza filamu nyingi, hasa za kuelimisha. Zama hizo katuni za Marekani zilikuwa zikiingia Japani kwa wingi, na mtoto angeweza kuvijua vituko vya ng'ambo huku akizisahau ngano za bibi yake. Murata alimwonyesha kwamba ngano hizo nazo zaweza kuchezwa kwenye pazia la sinema.

Baadaye seluloidi ilienea, mkasi ukawekwa kando. Murata alifariki mwaka wa 1966, lakini baadhi ya filamu zake zimehifadhiwa Tokyo na zingali zinatazamwa.

Basi mwenzangu, ukitaka kusema huna vifaa, kwanza itazame ile karatasi iliyo mbele yako.