Maurice Ewing: Profesa aliyeisikiliza miamba ya chini ya bahari

KABLA ya mwaka 1935, wanasayansi walijua machache mno kuhusu miamba iliyolala chini ya bahari kuu. Aliyefungua mlango huo ni mwalimu wa fizikia kutoka Marekani, Profesa Maurice Ewing, ambaye kazi yake imekuwa msingi wa utafutaji wa mafuta na gesi baharini duniani kote.

Ewing alizaliwa Mei 12, 1906 katika mji mdogo wa Lockney, Texas, mbali kabisa na pwani. Akiwa na umri wa miaka 16 alijiunga na chuo cha Rice mjini Houston, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1931. Wakati wa likizo alifanya kazi na vikosi vya watafuta mafuta, na huko ndiko alikojifunza kupima ardhi kwa mitetemo.

Njia hiyo ni rahisi kuieleza ingawa ni ngumu kuitekeleza. Baruti hulipuliwa, mawimbi ya mtetemo hupenya ardhini, kisha vyombo hunasa yale yanayorejea juu. Kwa kuwa miamba migumu hupitisha mawimbi haraka kuliko udongo laini, muda yanaotumia safarini hudhihirisha aina na unene wa matabaka.

Mwaka 1934, akifundisha Chuo Kikuu cha Lehigh, Ewing aliombwa na wanasayansi wawili kuipeleka njia hiyo baharini. Aliomba msaada kwa kampuni ya mafuta, lakini haikuona faida ya kutafuta mafuta chini ya maji. Hatimaye Chama cha Jiolojia cha Marekani kilimpa dola 2,000. Kwa fedha hizo, mwaka 1935 alipima sakafu ya bahari karibu na pwani ya Virginia na kugundua kuwa mwamba mgumu huteremka kuelekea bahari kuu, huku juu yake yakiwa yamerundikana matabaka manene ya mchanga na tope. Katika matabaka ya namna hiyo ndimo mafuta hujikusanya.

Mwaka 1949 alianzisha kituo cha utafiti cha Lamont, chini ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Miaka minne baadaye kituo hicho kilipata Vema, jahazi la zamani la anasa lililogeuzwa kuwa meli ya utafiti. Hadi ilipostaafishwa mwaka 1981, Vema ilikuwa imesafiri zaidi ya maili milioni moja.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Januari 1954, wimbi kubwa liliwazoa Ewing, mdogo wake John na maofisa wawili wa meli kutoka sitahani. Watatu waliokolewa, mmoja wa maofisa hao alipotea baharini. Ewing alibaki akichechemea, lakini hakuacha kusafiri.

Mwaka 1956 yeye na Bruce Heezen walieleza kuwa safu ya milima inayopita katikati ya bahari zote ni moja, na kwamba mpasuko wake una uhusiano na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Hata hivyo, kwa miaka mingi Ewing aliipinga nadharia kwamba mabara husogea. Vipimo vilivyokusanywa na kituo chake mwenyewe ndivyo vilivyoithibitisha nadharia hiyo katika miaka ya 1960, naye akalazimika kuukubali ushahidi.

Mwaka 1968 akaja ushindi wa aina nyingine. Katika safari ya kwanza ya kisayansi ya meli ya kuchoronga Glomar Challenger, iliyoongozwa na Ewing na mwanafunzi wake wa zamani, Joe Worzel, dalili za mafuta zilipatikana ndani ya kuba la chumvi katika Ghuba ya Mexico, chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 3,500. Shaka ya kampuni ile ya mwaka 1934 ikawa imepata jibu.

Ewing aliondoka Columbia mwaka 1972 na kurejea Texas, ambako alifariki dunia Mei 4, 1974 mjini Galveston, siku chache kabla ya kutimiza miaka 68. Meli zinazotafuta gesi leo katika pwani ya Tanzania na Msumbiji hazitumii tena baruti, bali hewa iliyoshindiliwa. Lakini bado zinategemea mwangwi wa miamba, kama alivyofanya profesa huyo kwa dola 2,000.