Ahmad bin Majid, malimu wa nyota aliyebebeshwa lawama ya Wareno

MKAZI wa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, akiitafuta nyota ya kaskazini usiku huenda asiione kabisa. Rangwe iko takriban nusu digrii kusini mwa ikweta, hivyo ncha ya mbingu ya kaskazini imezama kidogo chini ya upeo wa macho. Ni kweli kwamba hewa huupinda mwanga na kukiinua machoni kila kilicho kwenye upeo kwa dakika 34 hivi, yaani zaidi ya nusu digrii. Lakini vilima na ukungu hukifunika kilichoinuliwa.

Kuzama huko kwa nyota kuliwasumbua pia mabaharia waliozitelemkia Malindi na Sofala. Aliyewaandikia maarifa ya kuvuka taabu hiyo ni Ahmad bin Majid.

Alizaliwa Julfar, katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, mnamo miaka ya 1430. Baba yake na babu yake walikuwa malimu wa vyombo, naye akairithi kazi hiyo. Kitabu chake kikuu cha ubaharia alikikamilisha mwaka 1490 hivi, mbali na mashairi mengi, likiwemo moja refu kuhusu njia ya Sofala.

Chombo chake cha kupimia kilikuwa kamal: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Malimu huuma uzi, akalinganisha ukingo wa chini na upeo wa bahari na ule wa juu na nyota. Kipimo kiliitwa isba, yaani kidole, sawa na digrii 1 na dakika 36 hivi. Nyota ya kaskazini iliposhuka mno, walipima Farqadan, kisha nyota za Dubu Mkubwa.

Je, kupinda kwa mwanga hakukuwapoteza? Jedwali la kusahihisha kosa hilo lilikuja na Tycho Brahe, karibu miaka 100 baadaye. Hata hivyo malimu hakuhesabu umbali kutoka ikweta. Alilinganisha isba za usiku ule na isba zilizokwisha kupimwa bandarini. Kosa lilikuwamo katika vipimo vyote viwili, likajifuta. Hiyo ni akili kubwa.

Jina lake lilichafuliwa baada ya kufa. Katika karne ya 16, al-Nahrawali wa Makka aliandika kwamba bin Majid, akiwa amelewa, ndiye aliyewaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi. Msomi Mfaransa Gabriel Ferrand akaikubali habari hiyo miaka ya 1920, ikaenea mpaka vitabuni mwa shule. Lakini maandishi ya Wareno wenyewe yanasema rubani aliyemchukua Vasco da Gama kutoka Malindi, Aprili 1498, alikuwa Mgujarati. Mwaka 1971 G. R. Tibbetts, aliyekitafsiri kitabu cha bin Majid, aliikataa hadithi hiyo, na wanahistoria wengi wamemfuata.

Habari za bin Majid zinakoma mnamo mwaka 1500. Shairi la Sofala lilikaa Leningrad, likachapishwa mwaka 1957.