Mwalimu Aliyesema Wazi

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Julius alisoma Mwisenge, Tabora, kisha Makerere huko Uganda.

Alimaliza Makerere mwaka 1945. Shule mbili za Tabora zilimtaka: moja ya serikali, nyingine ya misheni. Aliandikiwa barua kwamba akienda misheni, miaka yake ya kazi haitahesabiwa katika pensheni. Nyerere hakunyamaza, wala hakuahidi huku na huku. Alijibu kwa barua kwamba anakwenda misheni.

Baada ya kusoma Edinburgh, alirudi mwaka 1952. Akafundisha shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilianzishwa, naye akawa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuwasemea Watanganyika katika Umoja wa Mataifa.

Aliporudi, wakuu wa shule walimtaka achague: ualimu au siasa. Jambo hili lilikuwa zito. Alikuwa na mke, Mama Maria, na watoto wadogo. Mshahara wake ulitoka Pugu. TANU ilikuwa changa, haina fedha. Angeweza kuahidi kuacha siasa, halafu akaifanya kwa siri. Hakufanya hivyo. Aliandika barua ya kuacha kazi. Shule ikajua itafute mwalimu mwingine. Wanachama nao wakajua kiongozi wao yuko wapi. Alirudi Butiama na familia yake, akapata riziki kwa kuwafundisha mapadre Kizanaki.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Januari 1962 aliacha cheo hicho, akaeleza sababu mbele ya wote: anakwenda kukijenga chama. Kazi alimkabidhi Rashidi Kawawa. Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa Rais, akaongoza mpaka 1985. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Ndugu msomaji, nasi tuna kazi zetu. Hapa Hasamba, mpima kahawa akiona mzani una kasoro, na aseme siku hiyo hiyo, kwa mtu anayehusika. Akinyamaza, mkulima atapunjwa na chama cha ushirika kitakosa imani ya watu.

Maswali
1. Kwa nini uamuzi wa mwaka 1955 ulikuwa mzito?
2. Barua yake iliwasaidia nani?
3. Katika kazi yako, ni jambo gani linalofichwa? Lizungumzeni darasani.