Kitabu Ambacho Inyasi Hakukiomba



Wapendwa Taifa la Mungu, kila tarehe 31 Julai Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Wajesuiti. Wengi wetu twamfahamu kwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho. Yafaa tukumbuke pia kwamba safari yake ya wongofu ilianzia kwenye kitabu alichokikosa.

Inyasi alizaliwa mnamo mwaka 1491 katika ukoo wa kikabaila wa Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alipenda silaha, sifa na fahari ya ikulu. Tarehe 20 Mei 1521, alipokuwa akiilinda ngome ya Pamplona dhidi ya Wafaransa, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alirudishwa nyumbani Loyola. Mfupa ulipounga vibaya na kuchomoza, alitaka ukatwe kwa msumeno, bila dawa ya ganzi, ili tu umbo lake lipendeze tena.

Katika miezi ile ya kulala kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita na mapenzi. Nyumbani hakikupatikana hata kitabu kimoja cha namna hiyo. Akapewa vilivyokuwepo: maisha ya Kristo yaliyoandikwa na Ludolph wa Saxony, mmonaki Mkartusi, na maisha ya watakatifu.

Aliposoma, aliwaza kuwaiga Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko. Nyakati nyingine aliota kumtumikia bibi mmoja wa cheo kikubwa. Mawazo yote mawili yalimfurahisha. Lakini ndoto za ikulu zilipopita zilimwacha mkavu, na zile za watakatifu zilimwachia amani. Siku moja aliistaajabia tofauti hiyo, akaanza kuichunguza. Hapo ndipo lilipochipuka fundisho lake juu ya kupambanua roho. Akaanza kunakili aliyoyasoma katika daftari la karatasi karibu 300: maneno ya Kristo kwa wino mwekundu, ya Bikira Maria kwa wino wa buluu.

Ndugu wapendwa, vitabu vile vilisomwa na wengi katika karne hiyo. Maongozi ya Mungu yalimfikishia Inyasi asichokitafuta. Naye, kwa neema hiyo hiyo, hakukipuuza, bali alikaa nacho hadi kikazungumza naye.

Leo twatafuta habari kwenye simu zetu, nazo hutuletea zaidi yale tunayoyapenda tayari. Anayepata tu alichokiomba huenda akabaki alivyokuwa. Basi tusiharakishe kuyasukuma kando masomo ya siku ambayo hatukuyachagua, wala kitabu cha zamani kilichosahaulika kabatini, wala neno la mzee tusiyemwuliza. Tuyapokee, kisha tuisikilize mioyo yetu: yametuachia nini?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.