Mwanachuo Aliyemo Ndani ya Laptopu Yako

Kila mtu hapa chuoni anajua laptopu ukiifunika inalala. Wachache ndio wamejiuliza imejuaje kwamba imefunikwa. Kwenye laptopu nyingi hakuna kitufe kinachobonyezwa pale. Kuna kisumaku kidogo ndani ya fremu ya skrini, na kihisio kidogo zaidi upande wa kibodi. Kihisio hicho kina jina la mtu, Edwin Hall, na naandika habari zake kwa sababu alipokigundua kinachokiendesha alikuwa mwanachuo kama sisi.

Hall alizaliwa Novemba 7, 1855, huko Gorham, jimbo la Maine, Marekani. Alimaliza Bowdoin College mwaka 1875, akafundisha shule miaka miwili, kisha 1877 akaenda kusoma Johns Hopkins, Baltimore, chuo kilichokuwa kimeanza mwaka mmoja tu nyuma. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa Henry Rowland.

Akiwa huko alisoma kitabu cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku. Kwa wanafizikia wa wakati ule, Maxwell ndiye alikuwa mwisho wa maneno. Sasa kuna mahali kitabu kinaeleza kwamba waya wenye umeme ukiwekwa karibu na sumaku, kinachosukumwa ni waya wenyewe, wala si umeme unaopita ndani yake. Hall hakuridhika. Waya usio na umeme hausukumwi. Ukipitisha umeme ndio unasukumwa. Inakuwaje basi umeme wenyewe usiguswe?

Wengi wetu tungenyamaza, tukakariri, tukajibu mtihani. Yeye alimfuata mwalimu. Kumbe Rowland naye alikuwa na wasiwasi na maelezo yale, na alishawahi kujaribu bila kupata kitu. Hakumkatisha tamaa kijana.

Hall alianza kwa kupima kama sumaku inabadilisha ukinzani wa waya. Alipima weee, hola. Ndipo akarudia jaribio la mwalimu wake, safari hii akitumia utando mwembamba sana wa dhahabu uliobandikwa kwenye kioo. Mwishoni mwa Oktoba 1879, akiwa na miaka 23, alipitisha umeme kwenye utando ule katikati ya sumaku yenye nguvu, na mshale wa galvanometa ukasogea na kubaki umesogea. Sumaku ilikuwa inausukuma umeme pembeni, na volti ndogo ikatokea toka upande mmoja wa utando hadi mwingine. Maxwell alifariki siku chache baadaye, Novemba 5.

Hall alipata PhD yake 1880. Mwaka uliofuata alianza kufundisha Harvard, akawa profesa 1895, akastaafu 1921. Huko alihangaika pia kuhakikisha wanafunzi wa sekondari wanafanya majaribio ya fizikia kwa mikono yao wenyewe. Alifariki Novemba 20, 1938, kabla hata transista haijagunduliwa. Ugunduzi wake ulianza kutumika kwa wingi zilipopatikana semikondakta, ambazo volti hiyo hutokea kubwa zaidi.

Turudi kwenye laptopu. Ukiifunika, kisumaku kinakaribia kihisio, volti ya Hall inatokea, na taarifa inatumwa kwamba kifuniko kimefungwa. Kihisio kinaishia hapo. Anayeamua kulala ni programu endeshi, na yeye anaambilika. Kwenye Windows ingia Control Panel, halafu Power Options, utafute sehemu ya kuchagua kifuniko kikifungwa nini kifanyike, uiambie isifanye kitu. Linux nayo ina mpangilio wake. Hapo unaweza kuacha data zako zinachakatwa usiku kucha, skrini imefunikwa, na wenzako chumbani wakalala bila kumulikwa. Ila usiitie kwenye begi ikiwa macho: joto halina pa kutokea, na betri itaisha njiani.

Ninachokiona kwenye maisha ya Hall ni hiki. Sisi utafiti wa mwaka wa mwisho tunauchukulia kama tozo ya kulipa ili tuhitimu. Tunatafuta kichwa kilichofanywa na waliotutangulia, tunabadilisha jina la wilaya, tunakabidhi. Hall hakuwa na maabara ya ajabu. Alikuwa na sentensi asiyoiamini, mwalimu aliyekubali kuulizwa, na uvumilivu wa kuanza upya jaribio lilipogoma. Wahadhiri wetu nao wana lao hapa: mwanafunzi akija ofisini na swali linalopingana na kitabu, asirudishwe kwenye slaidi. Tukikaa vimbwetani kupiga msuli, tuwe tunaziwekea alama pia sentensi tusizokubaliana nazo, siyo zile za kukariri peke yake.